Mary Putnam Jacobi: Daktari aliyewauliza wanawake wenyewe

Katika miaka ya 1870, madaktari wa Marekani walibishana vikali juu ya swali moja: je, mwanamke apumzishwe kila mwezi siku zake zinapowadia? Wengi walijibu ndiyo bila ya kusita. Mwanamke mmoja aliamua kulichunguza jambo hilo kabla ya kulijibu.

Mary Corinna Putnam alizaliwa London tarehe 31 Agosti 1842, binti wa mchapishaji wa vitabu wa Kimarekani, George Palmer Putnam. Alikulia New York, akahitimu masomo ya famasia mwaka 1863 na ya udaktari huko Philadelphia mwaka uliofuata. Hakuridhika. Mwaka 1866 alivuka bahari kwenda Paris, na baada ya kubisha hodi kwa muda mrefu, mwaka 1868 akawa mwanamke wa kwanza kukubaliwa kusoma katika kitivo cha tiba cha mji huo. Mji ulizingirwa na majeshi ya Prussia, njaa ikaingia, lakini yeye alibaki hadi akahitimu mwaka 1871.

Aliporejea New York alifundisha katika chuo cha tiba cha wanawake, na mwaka 1873 akaolewa na Abraham Jacobi, daktari maarufu wa watoto, mzaliwa wa Ujerumani.

Hoja ya Harvard

Mwaka huo huo, Edward Clarke, aliyewahi kuwa profesa wa tiba katika Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha kitabu kilichozua mtafaruku. Alidai kwamba msichana anayesoma kwa bidii kama mvulana, bila ya kupumzika siku za hedhi, huiharibu afya yake na uwezo wake wa kuzaa. Kitabu kilinunuliwa kwa wingi, na waliopinga elimu ya juu kwa wanawake wakakifanya ngao yao.

Harvard ilitangaza shindano la Tuzo ya Boylston kuhusu suala hilo. Washindani hawakutaja majina yao. Jacobi alituma hojaji 1,000 kwa wanawake, akapata majibu 268. Aliwauliza kuhusu maumivu, elimu, kazi na mazoezi yao. Kwa baadhi ya wanawake alipima pia mapigo ya mshipa, joto la mwili na nguvu za misuli mwezi mzima.

Alichokiona hakikuafikiana na mafundisho ya wakati ule. Takriban asilimia 35 ya waliojibu walisema hawakuwa wakipata maumivu wala udhaifu. Waliozoea mazoezi tangu shuleni, na waliokuwa na shughuli za kudumu, kwa jumla walisumbuka kidogo zaidi. Aidha, alieleza kwamba mwili hubadilika kama wimbi linaloanza kupanda siku kadhaa kabla ya hedhi. Hakukana kwamba wapo wanaoumwa sana na wanaohitaji nafuu. Alichokataa ni kumfanya kila mwanamke kuwa mgonjwa.

Mwaka 1876 alishinda tuzo hiyo. Harvard yenyewe haikuwapokea wanawake katika shule yake ya udaktari hadi mwaka 1945.

Baada yake

Mwaka 1883 alimpoteza mwanawe kwa dondakoo. Miaka yake ya mwisho aliugua uvimbe kichwani, naye akaandika maelezo ya kitabibu ya dalili za ugonjwa uliokuwa ukimuua. Alifariki tarehe 10 Juni 1906.

Jacobi hakujua habari za homoni, na baadhi ya maelezo yake yamepitwa na wakati. Dalili za kabla ya hedhi zilipata jina la kitabibu mwaka 1931. Majaribio ya karne hii yanaonyesha kwamba mazoezi ya kuongeza mapigo ya moyo, kama kutembea kwa haraka au kuogelea mara tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi miwili au mitatu, huenda yakapunguza maumivu, uchovu na huzuni. Hata hivyo mengi ya majaribio hayo ni madogo, na ushahidi wake si wa kukata maneno.

Hofu aliyoipinga haikufa upesi. Mbio za mita 800 za wanawake zilifutwa katika Michezo ya Olimpiki baada ya mwaka 1928, kwa madai kwamba ziliwazidi nguvu, zikarejeshwa mwaka 1960. Ni katika mbio hizo hizo Pamela Jelimo alipokuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kutwaa dhahabu ya Olimpiki, mwaka 2008. Mwaka 2012 Sarah Attar alizikimbia akiwa miongoni mwa wanawake wawili wa kwanza wa Saudi Arabia kushiriki michezo hiyo. Shule za serikali za wasichana nchini humo ziliruhusiwa somo la mazoezi mwaka 2017.

Hata hivyo ruhusa hiyo haimfikii kila mwanamke aishiye huko. Mtaa wa Karantina mjini Jeddah ulijulikana kwa miongo mingi kuwa makazi ya wahamiaji wa Kiafrika. Amnesty International imeeleza namna watumishi wa nyumbani kutoka Kenya walivyofanyishwa kazi saa nyingi nchini humo, bila ya siku ya mapumziko, wengine wakizuiwa kutoka nje. Mwanamke wa namna hiyo hana nafasi ya kupumzika, wala ya kutembea nusu saa kwa ajili ya afya yake. Jacobi alianza utafiti wake kwa kuwauliza wanawake hali zao. Hao nao bado wanangoja kuulizwa.