Cecilia Beaux: Mchoraji stadi aliyesahaulika upesi

Siku 12 tu baada ya kumzaa Cecilia Beaux jijini Philadelphia, Marekani, mnamo 1855, mamaye alifariki. Babaye, Mfaransa aliyejishughulisha na biashara ya hariri, alilemewa na majonzi akarejea kwao, na mabinti wake wawili wakalelewa na nyanya yao na dada za marehemu.

Nyumba hiyo haikuwa na fedha za kutapanya. Ndiposa Beaux alianza mapema kujitafutia riziki kwa kuwachorea wataalamu wa jiolojia visukuku, na kwa kupaka sura za watoto kwenye sahani za kauri. Sahani zilimletea pesa, lakini baadaye aliionea haya kazi hiyo.

Nyota yake iling'aa alipomchora dadake, Etta, akiwa amempakata mwanawe. Picha hiyo ilimtwalia tuzo mwaka wa 1885. Rafiki yake akaivusha bahari hadi Paris, ikaonyeshwa katika maonyesho makuu ya 1887. Mwaka uliofuata Beaux mwenyewe, akiwa na miaka 32, alifunga safari kwenda kusomea huko.

Enzi hizo, ndoa aghalabu ilizima kazi ya mwanamke. Beaux alikataa wachumba waliomjia, na hakuolewa hadi kufa kwake.

Mnamo 1895 aliajiriwa na chuo cha sanaa cha Pennsylvania, akawa mwanamke wa kwanza kupata kazi ya kudumu ya ualimu chuoni humo. Mwaka wa 1902 alikamilisha picha ya Edith Roosevelt na bintiye Ethel. Huyo ni mkewe Rais Theodore Roosevelt, yule yule aliyetia nanga Mombasa mnamo 1909 akija kuwinda. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Beaux alitumwa Ulaya kuwachora Kadinali Mercier wa Ubelgiji, Georges Clemenceau wa Ufaransa na Admirali David Beatty wa Uingereza.

Masaibu yalimfika Paris mwaka wa 1924 alipoanguka na kuvunjika nyonga. Alichora kidogo mno tangu hapo, japo aliweza kumaliza picha yake mwenyewe iliyoombwa na makavazi ya Uffizi, Italia.

Sanaa nayo ilikuwa imeshika mkondo mpya asioupenda. John Singer Sargent, ambaye kazi zao zilikuwa zikilinganishwa kila mara, alibaki na umaarufu wake. Jina la Beaux likafifia. Alifariki Gloucester, Massachusetts, Septemba 1942, akiwa na umri wa miaka 87.