Imbuga: Mhadhiri aliyeficha upanga katika kicheko

FRANCIS Imbuga, aliyezaliwa Maragoli mwaka wa 1947, alisomea Shule ya Upili ya Alliance na Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha akawafunza wanachuo wa Kenyatta sanaa ya maigizo kwa miaka mingi.

Tamthilia yake, Betrayal in the City, iliwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC jijini Lagos mwaka wa 1977. Humo, mhadhiri aliyefungwa na mwanafunzi wa chuo wanaandaa mchezo wa kumlaki kiongozi mgeni. Wakiwa mazoezini, bunduki za maigizo zinageuka kuwa za kweli na mtawala anajikuta mateka.

Nyakati zilikuwa za hatari. Mwishoni mwa mwaka huo huo, Ngugi wa Thiong'o alitiwa kizuizini bila kushtakiwa, wiki chache baada ya mchezo wa Kamiriithu kupigwa marufuku.

Imbuga alishika njia nyingine. Aliibuni nchi ya Kafira, jina ambalo herufi zake zikipangwa upya ni Afrika, na kuwaachia watazamaji wamtambue mtawala wao wenyewe.

Alifariki Novemba 18, 2012, akiwa ameacha kizazi cha walimu na waigizaji waliojua kwamba jukwaani, kicheko nacho ni silaha.