Kuchagua Kazi: Funzo la Bwana Afya Tom Mboya

Mwanafunzi wa Gredi ya Tisa nchini Kenya hutakiwa kuchagua mkondo mmoja kati ya mitatu atakaoufuata katika sekondari ya juu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; au sanaa na michezo. Katika mji mdogo kama Timboroa, uchaguzi huo ni mzito zaidi. Kazi ambazo kijana huziona kila siku ni kilimo cha viazi, ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, biashara ya kando ya barabara na ualimu. Nyumbani husikia udaktari na uanasheria tu. Wengi huchagua kwa hofu, wakidhani kwamba kosa la leo ni kosa la maisha. Maisha ya marehemu Tom Mboya yanaonyesha vingine.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake, mwenyeji wa Rusinga, alikuwa nyapara katika shamba la mkonge. Alisoma Kabaa, Yala na hatimaye Mang'u. Aliondoka Mang'u mwishoni mwa 1947 bila kufanya mtihani wa Cambridge, kwa kuwa karo ilishindikana. Mwaka 1948 akaingia mafunzo ya ukaguzi wa afya mjini Nairobi, akafuzu 1950, na mwaka uliofuata akaajiriwa na Baraza la Jiji kuwa bwana afya. Ni ufukara uliomfikisha hapo, wala si ndoto ya utotoni.

Hata hivyo, kazi hiyo aliifanya akiwa macho. Aliona kwamba mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mwenziwe Mzungu. Siku moja, akiwa peke yake katika maabara, mwanamke wa Kizungu aliyeleta maziwa ya kupimwa alitazama huku na huku, akauliza kama hapakuwa na mtu, ilhali Mboya alikwisha kumwamkia. Kijana huyo akawaunganisha wafanyakazi wa baraza katika chama. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 23, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Mwaka 1955 alisaidia kusuluhisha mgomo wa bandari ya Mombasa, kisha akaenda kusoma katika Chuo cha Ruskin, Oxford. Mwaka 1957 aliingia Baraza la Kutunga Sheria, na baadaye akawa waziri hadi alipouawa kwa risasi tarehe 5 Julai 1969.

Asije mtu akalitumia simulizi hili kusifu umaskini. Mboya mwenyewe hakuusifu. Aliwatafutia vijana nafasi na fedha Marekani, na Septemba 1959 wanafunzi 81 wakaondoka kwa ndege moja. Mwaka uliofuata Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa waliokwenda.

Basi mwalimu asitosheke kumwuliza mwanafunzi anataka kuwa nani. Ampeleke zahanati, ofisi ya misitu na mahali maziwa yanapopimwa, aone watu wakifanya kazi. Mwanafunzi naye aelewe kwamba mkondo ni mlango wa kuingilia. Atakalolifanya ndani, na jicho atakalolitumia kutazama shida za wenzake, ndivyo vitakavyomfikisha mbali. Nasi watu wazima tuhakikishe kwamba karo haiufungi mlango huo.