Demosthenes: Alichekwa jukwaani, mji wake ukapigwa vitani, lakini hotuba zake zikamshinda mpinzani

Mwaka 330 Kabla ya Kristo (KK), mwanasiasa mmoja wa Athens, Ugiriki, alisimama mahakamani akiwa na mzigo mzito. Sera aliyoipigia debe kwa miaka mingi ilikuwa imeishia kwenye kipigo cha vita. Vijana wa mji walikufa. Na sasa alitakiwa kuwashawishi wananchi wenzake kwamba bado anastahili heshima.

Mtu huyo ni Demosthenes. Na alishinda, tena kwa kura nyingi mno.

Aliwezaje? Jibu linaanzia mbali.

Yatima aliyedhulumiwa

Demosthenes alizaliwa mwaka 384 KK katika familia yenye uwezo. Baba yake alikuwa na karakana mbili, moja ya silaha na nyingine ya vitanda. Alifariki mtoto akiwa na miaka 7 tu, na mali ikabaki mikononi mwa walezi watatu.

Walezi wakaitafuna. Alipofikia umri wa kukabidhiwa urithi, alikuta kimebaki kidogo sana.

Athens ya wakati huo haikuwa na mawakili kama wa leo. Mwenye kesi alijisemea mwenyewe, mbele ya mamia ya wananchi ambao ndio waliopiga kura ya hukumu. Kijana akajifunza kwa Isaeus, mtaalamu wa kesi za mirathi, na alipokuwa na miaka 20 hivi akamburuza mlezi mmoja mahakamani. Alishinda, ingawa pesa zote hakuzipata.

Kokoto mdomoni

Kushinda kesi ni jambo moja, kuhutubia mkutano wa mji mzima ni jingine. Plutarch, aliyeandika habari za maisha yake takriban miaka 400 baadaye, anasimulia kwamba mwanzoni alichekwa. Sauti hafifu, pumzi fupi, ulimi mzito, na sentensi ndefu zilizojikunja hadi msikilizaji anapotea njiani.

Mwigizaji mmoja, Satyrus, akamfungua macho. Alimwomba aseme kipande cha tamthilia, kisha akakirudia yeye kwa sauti na mwili wa mhusika. Kikasikika kama kitu kipya kabisa. Kumbe maneno mazuri peke yake hayatoshi!

Inasimuliwa kwamba alijichimbia chumba chini ya ardhi, akanyoa upande mmoja wa kichwa ili aone aibu kutoka nje, akazungumza akiwa na kokoto mdomoni na kukariri hotuba huku akipanda mlima. Huenda chumvi imeongezwa. Ila mazoezi yake yalijulikana, hadi mpinzani mmoja akamdhihaki eti hoja zake zinanuka utambi wa taa, kwa jinsi alivyokesha akiziandaa.

Alivyowaamsha watu wake

Kufikia mwaka 351 KK, Philip wa Pili, mfalme wa Makedonia, alikuwa anameza mji baada ya mji kaskazini. Watu wa Athens walikuwa wamekata tamaa.

Demosthenes hakuanza kwa kuwatisha. Aliwaambia mambo yameharibika kwa sababu hawajafanya lolote, na hiyo ndiyo habari njema. Kama wangekuwa wamefanya kila kitu na bado wakashindwa, hapo ndipo pasingekuwa na tumaini. Lawama na faraja kwa wakati mmoja.

Kisha akawapa picha. Aliwafananisha na bondia asiyejua mchezo: akipigwa shavuni mkono unakimbilia shavuni, akipigwa ubavuni unakimbilia ubavuni, hajui hata kujikinga. Philip akipiga huku, wao mbio huku.

Mwisho akaleta hesabu: askari wa miguu 2,000, wapanda farasi 200, meli 10 za kasi, na gharama zake. Yaani hakuwaacha na hasira tu, aliwapa kazi ya kufanya.

Hata hivyo, Athens ilichelewa. Mwaka 338 KK Philip akawapiga yeye na mwanawe Alexander katika vita vya Chaeronea.

Kesi ya taji la dhahabu

Miaka miwili baadaye, mwananchi aitwaye Ctesiphon alipendekeza Demosthenes avishwe taji la dhahabu kwa utumishi wake. Hasimu wake wa siku nyingi, Aeschines, akafungua kesi kupinga. Ilisikilizwa mwaka 330 KK, na Demosthenes akapanda kumtetea Ctesiphon.

Mwanafalsafa Aristotle, aliyezaliwa mwaka mmoja na Demosthenes, alieleza kuwa msemaji hushawishi kwa njia tatu: heshima yake mwenyewe, hoja, na hisia za wasikilizaji. Zote tatu zimo katika hotuba hii.

Heshima: aliwakumbusha siku ilipofika habari kwamba Philip ameuteka mji wa Elatea, mlangoni mwao. Mpiga mbiu aliuliza nani anataka kusema. Kimya. Aliyesimama ni yeye.

Hoja: hakukana kwamba walishindwa. Alitenganisha uamuzi na matokeo. Mshauri apimwe kwa alichokijua siku ile, maana ushindi uko mikononi mwa miungu.

Hisia: aliwataja mababu waliopigana Marathon, akasema waliokufa Chaeronea hawakukosea, kwani walipigania uhuru uleule.

Hapo ndipo mtego ulipo. Wapiga kura wale ndio walioikubali sera yake, na waliokufa ni ndugu zao. Kumhukumu Demosthenes kungekuwa kujihukumu wenyewe na kusema ndugu zao walikufa bure.

Aeschines hakupata hata moja ya tano ya kura. Alipigwa faini, akaihama Athens.

Sumu kisiwani

Demosthenes hakuwa malaika. Miaka michache baadaye alitiwa hatiani kwa kupokea fedha za Harpalus, mtunza hazina wa Alexander aliyetoroka, naye akakimbilia uhamishoni. Alexander alipofariki mwaka 323 KK, alirudi akipokelewa kwa shangwe.

Haikudumu. Makedonia ilizima uasi wa Wagiriki, na Demosthenes akahukumiwa kifo. Alikimbilia hekalu la Poseidon katika kisiwa cha Calauria, na mwaka 322 KK, askari wakimsubiri nje, akameza sumu. Aristotle naye alifariki mwaka huohuo.

Karibu miaka 300 baadaye, Cicero wa Roma alimshambulia Mark Antony kwa hotuba mfululizo, akazipa jina la zile ambazo Demosthenes alizitoa dhidi ya Philip. Mwaka 43 KK, naye akauawa kwa sababu yake.