Tabibu wa Andalusi Aliyekataa Kukata Mkono

Mwaka juzi nilikuwa nikikaa Embu kwa kazi ya duka. Jirani yangu, dereva wa lori la kwenda Meru, alianza kulalamikia vidole. Vilikuwa baridi hata jua la adhuhuri, kisha vikapauka, na mwishowe ncha ya kidole cha shahada ikawa nyeusi. Usiku halali kwa maumivu, na sigara haimtoki mdomoni. Hospitali hataki, akiogopa kisu. Nikaona nimsimulie habari za Abulkasim az-Zahrawi.

Bwana huyu alizaliwa yapata mwaka 936 Madinatuz-Zahra, karibu na Kurtuba, nchi ya Andalusi, akafariki yapata mwaka 1013. Aliandika Kitabut-Tasrif, chenye sehemu 30. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, nayo ina michoro ya vyombo takriban 200. Humo alifundisha jinsi ya kufunga mshipa unaobubujika damu. Katika karne ya 12 sehemu hiyo ilifasiriwa kwa Kilatini, na Wazungu wakaisoma kwa karne nyingi.

Ndani yake ameeleza kisa cha mtu aliyeingiwa na weusi mguuni, unaochoma kama moto. Aliukata mguu mwenyewe, akapona. Baada ya muda mrefu weusi ukamzukia kwenye kidole cha mkono. Tabibu alijaribu dawa, lakini weusi ukazidi kupanda. Mgonjwa akamsihi amkate mkono. Tabibu akakataa, akichelea kwamba kwa udhaifu ule angekufa. Yule mtu akarudi kwao, akaukata, akapona.

Mkubwa kama huyo angeweza kulificha jambo hilo. Aliliandika ili wanafunzi wake wajue kwamba safari ile mgonjwa ndiye aliyepatia.

Siku hizi yajulikana kwamba vidole hufa mishipa inayovipelekea damu inapoziba. Aina moja ya maradhi hayo, inayowapata watumiaji wa tumbaku, ilielezwa mwaka 1908 na Daktari Leo Buerger wa New York. Dawa na upasuaji huweza kusaidia, lakini tiba ya kwanza ni kuacha tumbaku kabisa, ugoro nao usibaki. Asiyeacha hupoteza kidole baada ya kidole.

Jirani yangu alinisikiliza, akanyamaza. Kesho yake tulikwenda hospitali pamoja. Ncha ya kidole ilikatwa, na sigara akaitupa siku hiyo hiyo. Vidole vilivyobaki vikapata joto, alhamdulillahi, na hadi leo anashika usukani kwa mikono miwili.