Mwalimu Alirudi



Nafundisha Kiswahili ughaibuni na mkataba wangu unakaribia kwisha. Nibaki au nirudi Dar? Nimemkumbuka Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere. Mwaka 1952, akiwa na shahada ya Edinburgh, alirudi Tanganyika, akafundisha Pugu, shule ya Kikatoliki nje ya mji. Kutoka huko akawa anakuja Kariakoo kwenye siasa. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa pale, mtaa tunaouita leo Lumumba. Mwaka 1955 ikabidi achague: ualimu au siasa. Akaacha mshahara.

Kumbe kurudi si tiketi ya ndege tu. Ukishafika, unaulizwa tena utatoa nini. Basi siombi tena Mungu anionyeshe pa kuishi vizuri. Naomba nijue wapi nahitajika.

Tuombeane.