Daktari Wollaston na Siri ya Unga wa Platini

Mtu akiulizwa namna ya kupata kipande cha metali kutoka katika mchanga wa madini, atajibu upesi kwamba huyeyushwa kwa moto na kumiminwa katika kalibu. Jibu hilo ni kweli kwa risasi, kwa shaba na kwa dhahabu. Lakini ziko metali ambazo tanuri za zamani hazikuziweza. Mojawapo ni platini, metali nyeupe, nzito kuliko dhahabu, isiyoshika kutu. Haiyeyuki mpaka joto lifike digrii 1,768 za Selsiasi. Miaka mia mbili iliyopita alikuwako Mwingereza mmoja aliyeishinda platini bila kuiyeyusha. Jina lake William Hyde Wollaston.

Alizaliwa tarehe 6 Agosti 1766 katika mji wa East Dereham, nchi ya Norfolk. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, tena mtu aliyependa kuchungua nyota. Watoto nyumbani walikuwa wengi sana. William alisoma shule ya Charterhouse, London, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Cambridge kujifunza uganga. Akawa daktari, na mwaka 1793 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama kikuu cha wataalamu wa sayansi wa Uingereza.

Lakini kazi ya udaktari haikumpa raha. Maumivu ya wagonjwa yalimsumbua moyoni hata akawa hana amani. Mwaka 1800 akaiacha kabisa. Rafiki zake walistaajabu, maana alikuwa akiacha kazi ya heshima bila kuwa na nyingine ya hakika. Yeye alikuwa amekwisha kufanya shauri na rafiki yake, Smithson Tennant, waingie shirika la kusafisha platini na kuiuza.

Mwisho wa mwaka huo walinunua karibu wakia 6,000 za mchanga wa platini, yaani kilo kama 185, kwa paundi 795. Mchanga huo ulitoka katika mito ya nchi iitwayo leo Kolombia, ambayo wakati huo ilitawaliwa na Wahispania. Ulifika Uingereza kwa magendo kupitia Jamaika. Wollaston akajenga karakana ndogo nyuma ya nyumba yake London, wala hakupenda mtu aingie humo.

Kazi waligawana. Kwanza mchanga ulitiwa katika mchanganyiko wa asidi mbili kali, ya nitriki na ya hidrokloriki, platini ikayeyuka ndani yake kama chumvi katika maji. Yakabaki masimbi meusi chini ya chombo. Mtu mwingine angaliyatupa. Tennant aliyachungua, na mwaka 1804 akatangaza kwamba humo mna metali mbili mpya, iridi na osmi. Wollaston naye alichungua yale maji yenyewe, akapata nyingine mbili, paladi na rodi.

Habari ya paladi ni ya ajabu kidogo. Mwaka 1803 Wollaston aliiuza katika duka moja la London kwa tangazo lisilo na jina la mtu. Mkemia mwingine, Richard Chenevix, akadhani ni udanganyifu. Akainunua, akaipima, akaandika kwamba si metali mpya bali ni platini iliyochanganywa na zebaki. Wollaston akanyamaza. Kisha, bado bila kujitaja, akaweka zawadi ya paundi 20 kwa yeyote atakayeweza kuitengeneza metali hiyo kwa kuchanganya. Hakutokea mtu. Mwaka 1805 ndipo alipojitaja, naye Chenevix akaonekana amekosa mbele ya watu wote. Wako waliosema kwamba Wollaston hakumtendea mwenzake haki.

Sasa tuje kwenye kazi yake kubwa. Ile platini iliyoyeyuka katika asidi aliitia chumvi ya amonia, ikatuama kama unga wa manjano. Unga huo ulipopashwa moto polepole, ukawa kitu cha kijivu, chepesi kuvunjika, chenye vitundu kama sifongo. Watu wengine walikuwa wamefika hapo mbele yake. Shida ilikuwa moja: namna ya kuufanya unga kuwa kipande kimoja kigumu. Mjini Paris, sonara mmoja aitwaye Janety aliiyeyusha platini kwa kuichanganya na zarniki, kisha kuifukuza zarniki kwa moto. Moshi wake ulikuwa sumu.

Wollaston aliona kwamba kosa la wengi lilikuwa mwanzoni, katika kusaga. Wakisaga kwa kitu kigumu, chembe za unga hung'arishwa na kuwa laini, nazo zikishindiliwa hazishikamani vema. Basi yeye alisaga taratibu kwa mchi wa mti katika bakuli la mti, akauosha unga katika maji mengi, na akachagua ule mwororo tu. Kisha akauweka, ungali mbichi kwa maji, katika kalibu ya shaba nyeupe yenye umbo la pipa jembamba. Maji yalikuwa na kazi yake: yalizuia hewa isikae kati ya chembe, kwa kuwa hewa hiyo baadaye ingefanya malengelenge. Akaushindilia kwa wenzo wenye nguvu nyingi. Kilichotoka kilikuwa kama keki ngumu. Akaikausha juu ya makaa, akaitia katika tanuri kali kabisa aliyoweza kuipata, kisha, ikali nyekundu hata nyeupe kwa moto, akaipiga nyundo juu ya fuawe. Zile chembe zikashikana zikawa kitu kimoja, ambacho aliweza kukifua kuwa bamba au kukivuta kuwa uzi. Wala haikuyeyuka hata mara moja.

Wazee wetu wahunzi wa nchi za Maziwa Makuu wangalimwelewa upesi. Wao nao, kwa mivukuto na makaa, hawakukiyeyusha chuma kikawa maji. Tanuri iliwapa bonge lenye vitundu na takataka, nao wakalipiga nyundo mpaka likashikamana. Na huko pwani ya Ekuado na Kolombia, mafundi wa kale waliunga chembe za platini kwa dhahabu kidogo na moto kabla Wazungu hawajafika Amerika.

Wollaston aliuza vyombo vya platini kwa wakemia, na masufuria makubwa ya kuchemshia asidi ya salfuriki viwandani, kwa kuwa platini hailiwi na asidi hiyo. Mafundi wa bunduki nao walinunua platini kwa ajili ya tundu la kuwashia baruti. Alitajirika. Lakini njia yake hakumwambia mtu. Tennant alikufa mwaka 1815 huko Ufaransa, daraja lilipovunjika chini yake. Baada ya hapo siri ile kubwa ilikaa karibu yote katika kichwa cha mtu mmoja.

Hapo ndipo hatari ilipokuwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 1828 Wollaston aliugua, upande mmoja wa mwili ukaanza kufa ganzi. Alikuwa na uvimbe katika ubongo, na kwa kuwa yeye ni daktari alijua mwisho wake u karibu. Hakungoja. Kwa kuwa mkono ulikuwa mzito, alisema naye mwingine akaandika, siku baada ya siku, mpaka mambo aliyoyaficha zaidi ya miaka ishirini yakawa katika karatasi. Njia ya platini ilisomwa mbele ya Royal Society tarehe 20 Novemba 1828. Husimuliwa kwamba katika saa zake za mwisho, watu walipodhani hajifahamu tena, aliomba kalamu kwa ishara, akaandika safu ya tarakimu na kuzijumlisha sawasawa. Alikufa tarehe 22 Desemba mwaka uo huo. Maandiko yake yalipigwa chapa mwaka 1829.

Je, alifanya vema kuficha muda wote ule? Wengine watasema kila mtu ana haki ya kula jasho lake. Lakini yafaa tukumbuke jambo moja. Huko Urusi, mwaka 1827, Pyotr Sobolevsky alikuwa amekwisha kuonyesha njia yake mwenyewe ya kushindilia unga wa platini, na mwaka 1828 Warusi wakaanza kufanya sarafu za platini. Kwa hiyo kuficha hakuwazuia wengine kugundua. Na kama Wollaston angalikufa miezi michache kabla, sisi tungalirithi vyombo vyake bila kurithi akili yake. Ndivyo ilivyopotea elimu nyingi ya wahunzi wetu, iliyokaa ndani ya koo zao bila kuandikwa.

Iliyoandikwa ilizaa. Platini yenyewe iliyeyushwa katika miaka ya 1850 na Mfaransa Deville, lakini njia ya unga haikufa. Kwa unga ulioshindiliwa na kupashwa moto, William Coolidge wa Marekani alipata uzi wa wolframu wa taa za umeme karibu na mwaka 1910, nayo wolframu huyeyuka kwenye digrii zaidi ya 3,400. Tantali, ambayo madini yake huchimbwa Kongo na Rwanda, hufanywa unga, hushindiliwa na kuchomwa namna hiyo hiyo ili kupata vipande vidogo vya kuhifadhia umeme ndani ya simu. Leo wataalamu huunga unga wa metali tabaka juu ya tabaka kwa miali ya leza, au huukandamiza kwa gesi yenye moto mkali. Maswali yao ni yale yale ya karakana ya London: chembe ziwe za umbo gani, ziwe safi kiasi gani, na hewa itolewe vipi.

Sisi tulio katika maabara za shule tuna madaftari ya majaribio, na mara nyingi twayaona kuwa mzigo. Wollaston alikuwa na akili kutupita sote, na ilimbidi kuijaza daftari yake akiwa kitandani, akishindana na mauti. Heri kuijaza mapema.